Tusiwauzie vijana injini zisizo na pua

Wiki tatu zilizopita, katika boma la dada yangu nje kidogo ya mji wa Tororo, injini niliyoiuza kwa mkono wangu ilizimika ghafla baada ya kunguruma kwa dakika kumi na saba. Ilikuwa imefungwa juu ya kigari cha chuma, na kigari chenyewe kimefungwa kwa kamba nene kwenye shina la mwembe. Ingekuwa angani wakati huo, leo nisingekuwa nikiandika makala. Ningekuwa matangani.

Mpwa wangu ana miaka 26 na anajenga ndege. Si ndege ya maonyesho ya shule, ile ya mabati na mbao inayosukumwa na wanafunzi siku ya mgeni rasmi. Hii ina mbavu za mbawa zilizopimwa kwa makini, ina usukani unaotii, na ina viti viwili. Majirani wamekwisha kuja kuitazama, wakaimba na kupiga makofi. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia kwamba siku ikiruka atafunga kazi. Nami nilipiga makofi, tena kwa kelele kuliko wote, maana injini ilitoka stoo kwangu Busia.

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, kwa hiyo sitaficha. Injini ile niliiuza bila pua.

Wenzangu tunaofanya biashara ya injini kuukuu mpakani wanaelewa ninachosema. Nimekaa Sharjah miaka 14, nikifungua na kufunga injini katika mitaa ya spea, na niliporudi nyumbani mwaka 2019 nilikuwa na ujuzi, deni dogo na kontena moja. Injini iliyovuliwa vitu vyake vya nje hukaa vizuri ndani ya kontena. Manifoldi ya kuvutia hewa ya Mazda RX-8 ni dude refu lenye mapaipu yaliyojikunja kama matumbo ya mbuzi, nalo hula nafasi ya gearbox nzima. Nikaifungua, nikaiacha huko huko. Kompyuta ya injini nikaiuza peke yake kwa mtu mwingine. Kilichofika Busia ni chuma chenye matundu matupu ubavuni, na forodhani hakuna aliyeniuliza mengine yako wapi. Karatasi zinataka namba ya injini na uzito. Hazitaki kujua kilichopungua.

Kwa mnunuzi wa kawaida hilo si tatizo kubwa. Mwenye RX-8 iliyokufa injini anayo manifoldi yake tayari, anaichomoa kwenye mzee na kuipachika kwenye mpya. Lakini kijana anayejenga ndege hana gari. Ana injini yangu peke yake, na yale matundu lazima ayatafutie paipu yeye mwenyewe. Akaenda dukani, akanunua kiwiko cha plastiki cha bomba la maji, akakiunga kwa mpira wa rediata na klipu mbili. Kwa macho ilipendeza.

Kabla sijaeleza kilichotokea chini ya mwembe, niseme kidogo kuhusu injini yenyewe, kwa sababu wengi tunaiuza bila kuijua. Injini ya rotari haina pistoni. Mjerumani Felix Wankel aliibuni, na ya kwanza ilizunguka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Mazda wakaichukua na kuitia kwenye gari lao la Cosmo mwaka 1967. Ndani yake kuna kipande chenye pembe tatu, mfano wa sambusa iliyovimba mbavu, kinachozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la kibuyu kilichobanwa kiunoni kidogo. Kila pembe ya sambusa ina kijiti cha chuma kinachosugua ukuta ili hewa isivuje. RX-8, iliyotengenezwa tangu 2003 hadi 2012, ina sambusa mbili kama hizo, ujazo wa lita 1.3 tu, na bado matoleo yake yenye nguvu hutoa zaidi ya farasi 200.

Ndiyo maana wajenzi wa ndege za nyumbani, hasa Marekani, wameipenda kwa miaka mingi. Ni ndogo, haitetemeki sana, na haina vali wala pistoni za kukatika. Bei yake ni nafuu mno ukiilinganisha na injini halisi ya ndege. Mpwa wangu hakuokota wazo jalalani. Alichagua kwa akili. Ila injini hii ina tabia moja mbaya: ikipewa petroli kidogo kuliko hewa, mlipuko ndani yake huwa wa kupasua, na vile vijiti vya pembeni huvunjika. Pistoni yenye tundu huweza kukubeba kwa kuchechemea hadi uwanjani. Rotari iliyovunja vijiti hupoteza mgandamizo kwenye sambusa nzima, na nguvu iliyobaki haitoshi kukupitisha juu ya miti.

Na nini hufanya hewa izidi petroli? Mara nyingi ni paipu. Klipu iliyolegea, mpira uliopasuka, kiungo kinachovuta hewa ya wizi pembeni. Fundi atahangaika na kabureta wiki nzima kumbe ugonjwa uko kwenye mpira wa shilingi mia mbili.

Sasa turudi chini ya mwembe. Injini ilipozima tulidhani ni mafuta. Tukafungua kifuniko, na pale kilipokuwa kiwiko cha plastiki tukakuta kitu kilichonyonywa kikabonyea, mfano wa pakiti ya maziwa ambayo mtoto ameimaliza kwa mrija. Plastiki ya mabomba ya maji huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 80. Moshi wa rotari hutoka ukiwa na moto mkali kuliko wa injini nyingi za pistoni, na paipu ya moshi ilipita jirani na kile kiwiko. Joto lililainisha, mvuto wa injini ukamalizia. Injini ilikabwa koo, ikafa.

Mpwa wangu alicheka. "Mjomba, nitaweka kingine kinene zaidi." Mimi sikucheka. Nilikaa juu ya debe nikatazama mbawa zilizoegemezwa ukutani.

Msije mkadhani haya ni mambo ya vijana wa Tororo wasiokuwa na shule. Mwezi Machi 2025 ndege ndogo aina ya Cozy Mk IV, ya kujengwa na mtu binafsi, ilipoteza nguvu ikiwa inakaribia kutua katika uwanja wa Gloucestershire nchini Uingereza, ikaanguka kabla ya kuifikia njia. Wachunguzi wa ajali za ndege wa nchi hiyo walikuta kiwiko cha plastiki cha kuingizia hewa, kilichochapwa kwa mashine ya kompyuta na kununuliwa katika maonyesho ya ndege huko Marekani, kimelainika na kubonyea. Kilipopimwa, plastiki yake ilikuwa ikilegea kwenye joto lisilofika nyuzi 55. Rubani aliokoka na majeraha madogo. Injini haikuwa na kosa lolote. Kiwiko kimoja, kitu cha ukubwa wa ngumi, ndicho kilichoiangusha ndege katika nchi yenye wakaguzi na karatasi za kila aina.

Kwa hiyo nikamwambia kijana: sahau mbawa kwa muda, tuzungumze kuhusu pua.

Watu hudhani paipu ya kuvuta hewa ni njia tu, kama mfereji wa maji. La. Hewa ina uzito na ina mwendo. Wale waliokuwa wakivuka Busia kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa mwaka 2018 watanielewa upesi. Geti lilipofungwa ghafla, wa mbele walisimama, wa nyuma hawakujua, wakaendelea kusukuma, watu wakabanana getini hadi mtu anakosa pumzi. Halafu msukumo unarudi nyuma, watu wanayumba. Geti likifunguliwa wakati ule wa kubanana, wanaingia wengi kwa mpigo. Likifunguliwa wakati wa kuyumba nyuma, wanaingia wachache. Hewa ndani ya paipu hufanya vivyo hivyo kila tundu la injini linapofungwa, na msukumo wake husafiri kwa kasi ya sauti, kama mita 350 kwa sekunde katika joto letu.

Katika mizunguko 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Sauti huwa imekwenda mita tatu na nusu. Katika mizunguko 3,000 sauti huwa imekwenda mita saba. Basi paipu yenye urefu unaofaa mwendo mmoja haiwezi kuufaa mwingine. Mazda walilijua hilo. Ndiyo maana manifoldi ya RX-8, ile niliyoitupa mimi, ina vali zinazofunguka kadiri mwendo unavyopanda, na ndiyo maana gari lao la 787B lililoshinda Le Mans mwaka 1991 lilikuwa na mapaipu yanayorefuka na kufupika lenyewe likiwa mbioni. Gari la barabarani lazima lipande mlima, lipite sokoni polepole, lipite lori. Linahitaji pua ya kila hali.

Ndege haihitaji, na hapa ndipo kijana wangu ana bahati ambayo hakuijua. Propela haiwezi kuzungushwa upesi mno, kwa hiyo kati yake na rotari huwekwa gia za kupunguza mwendo. (Gia zake alizitoa ndani ya gearbox ya otomatiki ya pikapu, na hilo ni jambo jingine linaloninyima usingizi.) Baada ya kupaa, injini ya ndege hukaa karibu na mwendo uleule kwa saa nzima. Unaweza kuikatia paipu ya wimbo mmoja tu, ukasahau mengine. Hakuna vali, hakuna nyaya, hakuna cha kukwama. Paipu fupi, nyoofu kadiri inavyowezekana, kona zake pana, mdomo wake umepanuliwa kama tarumbeta ili hewa isijikwae mlangoni.

Tulifanya hivi. Fundi mmoja wa Busia anayechomelea alumini alitutengenezea paipu mbili, moja kwa kila rota, zenye urefu wa sentimita 60. Tulifunga mizani ya kupimia magunia ya mahindi kati ya kigari na mwembe, ili propela ivute na sisi tusome kilo. Tukawasha, tukasoma. Tukakata sentimita tatu, tukawasha tena. Niliwahi kusikia wasomi wakisema hesabu inatosha, lakini wimbi la hewa lina ujanja: likifika kwenye mdomo ulio wazi hugeuka, lililokwenda likibana hurudi likinyonya, kwa hiyo hesabu ya haraka haraka humdanganya mtu. Mizani ya magunia haidanganyi, ukiondoa ile ya walanguzi fulani ninaowajua. Siku ya pili jioni, paipu zikiwa zimebaki kama sentimita 47, mvuto ulikuwa umepanda kilo 14 kuliko mwanzo kwa mwendo uleule. Tulipozidi kukata, ulishuka. Tukalazimika kutengeneza nyingine, kwa sababu alumini iliyokatwa hairudi.

Asinakili mtu namba hiyo. Ni ya injini ile, propela ile, joto lile. Ninachotaka mwone ni kwamba kilo 14 zilikuwamo ndani ya paipu, hazikuwa zimenunuliwa dukani.

Na kwetu huku kila kilo ina thamani. Busia na Tororo ziko takriban mita 1,200 juu ya bahari. Saa saba mchana, joto likiwa nyuzi 30, hewa yetu huwa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ile ambayo vitabu vya injini huitumia kuhesabu farasi. Injini iliyoandikwa farasi 200 haina 200 hapa. Na si injini peke yake inayokosa hewa, hata bawa linakosa, hata propela. Sasa mwongezee injini hiyo adhabu ya kuvuta hewa iliyochemka ndani ya kifuniko, karibu na paipu ya moshi: kila nyuzi kumi za ziada huondoa kama asilimia tatu nyingine. Kijana anayejaribu kupaa mchana kwa kiwanja kifupi anaanza akiwa na deni. Pua lazima itoke nje, kwenye hewa baridi, mbali na moshi.

Ila ikitoka nje inakutana na vumbi letu jekundu, ambalo husaga vile vijiti vya rota kama msasa. Basi chujio, tena kubwa, maana chujio dogo likijaa ni sawa na kukabwa upya. Wenye Land Cruiser za kubebea mizigo, zile zenye bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa, tayari wanalijua somo hili. Hawakuliweka kwa urembo.

Kuna jambo moja ambalo nilipolisema mbele ya wazee wa Tororo walinitazama kama mlevi. Nilisema barafu inaweza kuziba kabureta hapa hapa, kando ya Ziwa Victoria, siku ya joto. Ni kweli. Hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta na petroli ikageuka mvuke, joto hushuka nyuzi nyingi ghafla, na unyevu wa ziwani huganda ukutani. Marubani wamepatwa na hilo nje kukiwa na nyuzi 25 na zaidi. Gari linalosimama kando ya barabara hupata nafuu lenyewe baada ya dakika chache, na dereva huondoka bila kujua alikuwa na ugonjwa gani. Ndege haina kando ya barabara. Kwa sababu hiyo pua ya ndege yenye kabureta huwekewa mlango wa pili, rubani akiuvuta injini hupata hewa ya moto ya kuyeyusha barafu. Mpwa wangu hakuwa nao. Sasa anao, ameutengeneza kwa bati la alumini na waya wa breki ya baiskeli.

Najua kuna watakaosema: kwa nini usimwambie aache? Nimeulizwa na dada yangu mwenyewe, mama yake kijana, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia. Jibu langu halijamridhisha. Bodaboda ilizaliwa hapa kwetu, kwa baiskeli zilizokuwa zikibeba watu na mizigo katika eneo lile la katikati, kutoka mpaka hadi mpaka, na jina lake ndilo hilo. Nani angewakataza vijana wale? Lakini pia nani aliwafunza? Tuliwapigia makofi, tukapanda migongoni mwao, na baadaye zilipokuja pikipiki tukajaza wodi za mifupa ndipo tukaanza kuzungumza kuhusu kofia na leseni. Sitaki turudie hayo kwa kitu kinachoanguka kutoka juu.

Mwaka 2010 Wakenya walisoma habari za Gabriel Nderitu wa Nyeri aliyejenga ndege nyumbani kwake kwa injini ya Toyota. Mwaka uliofuata Waganda walisoma kuhusu Chris Nsamba na wenzake waliokuwa wakijenga yao Kampala. Nilizisoma habari hizo nikiwa Sharjah, nikawaonyesha Wahindi na Wapakistani niliofanya nao kazi, nikajisifu. Leo najiuliza kwa nini hata mimi, fundi wa injini, sikuuliza swali hata moja la kifundi. Tuna mazoea ya kumtukuza mvumbuzi siku ya kwanza na kumcheka siku ya pili. Siku ya kati, ile ya kushika bisibisi pamoja naye, hatufiki.

Marekani kuna chama cha wajenzi wa ndege za nyumbani, EAA, kilichoanzishwa mwaka 1953. Wanachama wake wenye uzoefu hujitolea kwenda gereji kwa gereji kutazama kazi ya mwenzao kabla haijafunikwa, bila malipo, na kumwambia ukweli. Ndege ikikamilika, kwa kawaida hulazimika kuruka saa 25 au 40 katika eneo lililotengwa, bila abiria, kabla ya kuachiwa. Waingereza nao wana wakaguzi wao wa chama cha ndege nyepesi. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji mabilioni.

Sisi tuna nini? Tuna mamlaka za usafiri wa anga Nairobi na Entebbe, na hakuna ndege inayoruhusiwa kuruka bila kibali chao, jambo ambalo ni sawa kabisa. Tuna CASSOA, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha usalama wa anga, chenye makao Entebbe. Soroti, safari ya saa chache kutoka Tororo, kuna chuo cha urubani kilichoanzishwa na Jumuiya ile ya kwanza mwaka 1971. Na katikati kabisa ya safari yangu ya kila wiki, kando ya barabara ya Busia kwenda Tororo, kuna Chuo Kikuu cha Busitema chenye kitivo cha uhandisi. Mimi hupita langoni pake nikiwa na paipu za alumini kwenye buti, nikienda kuzipima kwa mizani ya mahindi chini ya mwembe. Je, si kichekesho? Wanafunzi wangepata somo, kijana angepata vipimo, na CASSOA ingeweza kuandika kanuni moja fupi kwa nchi zote kuhusu namna kijana wa aina hii anavyopiga hodi kabla ya kuruka, badala ya kufikiwa na polisi baada ya kuruka.

Lakini siwezi kuinyooshea serikali kidole huku kidole changu kina grisi. Wenzangu wafanyabiashara, wa Kirinyaga Road, wa Kisekka na wa hapa mpakani: injini isiuzwe bila manifoldi na kompyuta yake pasipo mnunuzi kuambiwa, na iandikwe kwenye risiti. Muulize anakwenda kuifungia wapi. Akikujibu "ndege", usicheke na usipandishe bei. Chukua namba yake ya simu. Nanyi mliorudi kutoka Doha, Dubai, Muscat na kwingineko, mliofanya kazi kwenye meli, kwenye visima vya mafuta, kwenye karakana za magari ya mashindano, mnakaa nyumbani mkilalamika kwamba ujuzi wenu hauna soko. Vijana hawa hawana pesa za kuwalipa, hilo ni kweli. Wana chai, na wana maswali ambayo ninyi mnajua majibu yake.

Kuhusu mpwa wangu, tumefanya mapatano. Injini itanguruma pale chini ya mwembe saa 40, kwa pua yake mpya, kila saa ikiandikwa kwenye daftari pamoja na joto, kilo na chochote kilicholegea. Hadi Jumapili alikuwa amefikisha kumi na moja. Klipu mbili zimelegea na bomba moja limepata ufa mdogo kwenye kiungo, tumelichomelea upya. Ili asije akashikwa na haraka, nimelichukua bawa la kushoto nikalileta kwangu Busia, juu ya pikapu. Mpakani afisa wa forodha alilizunguka mara mbili, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni bawa. Akauliza jingine liko wapi.